Kutoka Jiwe la Tatu Hadi la Nne

Mashaka yaliyoninyima usingizi kiangazi kile yalikuwa haya: nikiitoa ile barua nitakuwa nimemdhulumu mtu, na nisipoitoa, nitajuaje kama nimefanya wema, au nimeogopa tu nikatafuta kisingizio kizuri? Barua yenyewe ilikuwa chini ya mto wangu, Matrah, katika chumba tulichopanga mimi na mama. Karatasi moja, mistari minne, muhuri wa sheikh wa kabila letu. Niliijua kwa moyo, lakini kila nikigeuka ubavu niliihisi pale chini, kama mtu anavyohisi chembe ya mchanga kitandani.

Nimestaafu mwezi uliopita. Nyinyi vijana wa chumba cha majina mliniuliza siku ya kuniaga, huku mnakula halua yangu: "Mzee Zahor, umepeleka majina ya watu vyuo vya maofisa wa jeshi nchi ngapi sijui. Wewe mwenyewe mbona hukwenda?" Nikasema nilikuwa siwezi kuamka mapema, mkacheka, tukapiga picha. Hilo halikuwa jibu. Jibu ni refu kidogo, na nimeona niliandike wakati macho bado yanaona. Vyeo na mishahara nitaviacha, maana hivyo mnavijua kuliko mimi.

Nilifika Maskati mwaka 1966 na shahada ya jiografia niliyoisomea bara, na sanduku la bati. Unguja sikuweza kurudi baada ya yale ya mwaka sitini na nne. Nyumba yetu ya Mkunazini ilikuwa na watu wengine ndani, na mama alikuwa keshavuka kwa jamaa zake Matrah. Nilikuwa kijana wa kufikiri sana. Nikipewa chai nilifikiri kwanza kama nimepewa kwa mapenzi au kwa sababu imebaki. Mtu wa namna hiyo hapaswi kuajiriwa katika kambi ya jeshi, lakini walitaka mkalimani, na Kiingereza changu kilikuwa kizuri.

Kambi ilikuwa Ruwi, ambako leo mnakwenda kutafuta pahala pa kuegesha gari. Wakati ule lilikuwa bonde tupu, ngome moja nyeupe, mahema, na kipande cha ardhi iliyosawazishwa ambapo ndege ndogo zilishuka katikati ya milima kama zinazotaka kujiua kisha zikabadili mawazo. Asubuhi ya kwanza nilipelekwa kwa karani mkuu, Bwana Hamdun, Muomani aliyefanya ukarani bandarini Mombasa miaka ishirini kabla ya kurejea. Alinisomesha barua moja ya Kiarabu, akanisikiliza akiwa amefumba macho.

"Kiarabu chako kinakwenda na mkongojo," akasema. "Kiingereza chako kinakimbia. Kaa hapa katikati, yakhe, uwafundishe kungojana."

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kupiga chapa kabla ya saa tatu asubuhi, kwa sababu baada ya hapo jasho la mikono linaharibu karatasi ya kaboni. Alinifundisha kutotumia pini za chuma, maana kwa hewa ya pwani zinaota kutu na kula jina la mtu. Na alinifundisha kusoma ombi la askari mara mbili: mara ya kwanza anachokisema, mara ya pili anachokiona haya kukisema. Somo hilo la mwisho nilichelewa kulielewa, na aliyelipia ni askari mmoja jina lake Said.

Said alikuwa mtu wa ndani, wa milimani, mrefu, mkimya. Aliomba ruhusa ya siku nne kwa ajili ya zamu ya maji. Mimi nikaigeuza kwa Kiingereza: anaomba ruhusa akamwagilie bustani. Kapteni wetu, ambaye kwao mtu humwagilia maua kwa kopo jioni akirudi kazini, alicheka mpaka akavua kofia. Akaandika chini: "Ndugu yake amsaidie." Said akasomewa jibu. Alisimama dirishani kwetu kitambo, akanitazama, akaenda zake.

"Umeandika nini wewe?" Bwana Hamdun akauliza. Nikamwonyesha. Akaisoma, akaweka miwani chini. "Aka! Bustani? Mwana wa watu una shahada, huijui zamu?"

Nikamwambia sijui.

"Kule hakuna mvua ya kuingojea kama Unguja. Kuna falaji, mfereji unaotoka chini ya mlima, na maji yake yamegawiwa tangu enzi za mababu. Huyu nusu saa, yule saa nzima, kila baada ya siku nane. Nusu saa yako ikipita hukuifungua, imepita. Mitende yako inakaa na kiu siku nane nyengine. Mwenye zamu ana jina. Asiye na zamu ni mgeni, hata akikaa miaka mia. Sasa wewe umemwandikia kopo la maua."

Ruhusa ilirekebishwa baada ya siku mbili, lakini zamu ilikuwa imeshapita. Said akarudi kazini kama kawaida. Mwaka mzima baada ya hapo, akiwa na karatasi, alinipita mezani kwangu akampelekea Bwana Hamdun.

Na mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kustahili kukosea pale. Maana utotoni mwangu kulikuwa na maji ya namna hiyo, ila nilidhani ni ndoto za mzee.

Babu yangu mzaa baba, Babu Muhenna, aliondoka Oman kijana, akafa Unguja mzee, na hakurudi hata mara moja. Lakini kila baada ya siku nane, baada ya sala ya adhuhuri, alikaa barazani kwetu Mkunazini, akanyanyua kidole, akasema, "Nyamazeni. Maji yangu yanaingia." Wauza kahawa walimjua, wakaacha kugonga vikombe. Sisi watoto tulibana pumzi. Mimi nakuapieni nilikuwa nnayasikia: kwanza kama mtu anayeburuta kanga sakafuni, kisha kama kunong'ona, kisha baridi ndogo inapita vidoleni. Babu alikuwa amefumba macho. Alitwambia kule kwao wakati hupimwa kwa kivuli cha mti uliosimikwa, na mawe yaliyopangwa chini, na kwamba maji yake ni kutoka jiwe la tatu hadi la nne. Halafu alishusha kidole. "Haya, yamepita." Na mtaa ukaendelea.

Alipokufa nilikuwa na miaka kumi na tano. Ikanijia fikira moja ambayo sikumwambia mtu: kama hapana anayehesabu, maji yatafika nusu ya njia yasimame, yasijue pa kwenda. Basi nikawa nahesabu mimi. Siku nane, siku nane. Nilihesabu nikiwa shuleni, nilihesabu chuoni bara katikati ya mihadhara ya mito ya watu wengine, nilihesabu Ruwi nikiwa napiga chapa. Sikukosa hata zamu moja. Wenzangu waliokuwa na akili timamu walikuwa wakihesabu siku za likizo.

Sasa tuje kwenye jina.

Mwanzoni mwa kiangazi cha mwaka 1969 Kapteni aliniita ofisini kwake. Ukutani alikuwa na ramani kubwa ya nchi, na sehemu kubwa ya bara ilikuwa nyeupe, haijapimwa, imeachwa kama ukurasa ambao mwandishi kaenda kunywa maji. Mimi kila nikiingia mle niliitazama sehemu ile nyeupe kabla ya kumtazama yeye. Akasema imepatikana nafasi moja katika chuo cha maofisa ng'ambo, na anataka kupeleka jina langu. Baada ya masomo ya uofisa ningefundishwa upimaji, nikarudi kuijaza ramani.

Alitaka vitu vitatu. Karatasi ya daktari. Mahojiano na ofisa mkubwa atakayekuja kwa ndege siku moja asubuhi na kuondoka siku hiyo hiyo. Na barua ya sheikh wa kabila inayoshuhudia kuwa mtu huyu ni wetu, twamjua.

Nitakwambieni nilivyoitaka nafasi ile. Sokoni Matrah tulikuwa tukiitwa Wazinjibari, na kambini askari walikuwa wakikiigiza Kiarabu changu nikigeuka. Unguja nako, siku za mwisho, tuliambiwa sisi ni Waarabu, turudi kwetu. Niliona kuwa mtu akivaa nyota begani, na jina lake likaandikwa pembeni mwa ramani kuwa ndiye aliyepima, hapana tena atakayemuuliza wewe wa wapi. Hayo ndiyo yaliyokuwa moyoni mwangu. Bunduki hata siku moja sikuifikiria, jambo ambalo lingemtia wasiwasi Kapteni kama angelijua.

"Sheikh atanijuaje?" nikamuuliza mama. "Hajapata kuniona."

"Nenda tu, mwanangu. Watakujua kwa pua. Pua ya Muhenna haijifichi."

Nilikwenda kwa lori la kambi lililokuwa likipeleka magunia ya mchele, siku nzima ya mawe na vumbi. Kijiji kinaitwa Hail, na kwa kuwa Oman zipo Hail nyingi, tulianza kwa kufika katika Hail isiyokuwa yetu. Tulipofika penyewe jua lilikuwa linashuka nyuma ya mlima, na mitende ilikuwa imesimama katika kivuli cha buluu. Nilihisi kama naingia ndani ya usingizi wa mtu mwengine.

Walinikaribisha barazani kwa wanaume. Tende, kahawa, khabari. Walinisikiliza kwa adabu nikiburuta Kiarabu changu mpaka mwisho. Sheikh alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye sauti ya chini.

"Muhenna tulimsikia kwa wazee wetu," akasema. "Mjukuu wake hatumjui. Miaka hii kila mwezi anakuja mtu na jina la aliyekwenda Zinjibari. Wengine wakweli. Mimi siwezi kuweka muhuri kwa pua."

Kwa hiyo hata khabari za pua zilikuwa zimemfikia. Nikajua safari imekwisha, na nikaanza, kama kawaida yangu, kuipanga aibu ya kumwambia Kapteni. Ndipo mzee mmoja mdogo wa kimo, aliyekaa karibu na mlango, akauliza bila kunitazama. Huyo alikuwa arifu, msimamizi wa falaji, anayejua zamu ya kila mtu kichwani.

"Maji ya Muhenna yanakuja lini?"

Kidogo nisijibu. Lilikuwa jambo langu la siri, la kitoto. Lakini siku ile, ndani ya lori, nilikuwa nimeshafika saba.

"Kesho," nikasema. "Baada ya adhuhuri. Kutoka jiwe la tatu hadi la nne."

 Aliyekuwa anamimina kahawa alisimama na birika mkononi. Arifu akageuka, na kwa mara ya kwanza akaniangalia vizuri.

"Nani kakwambia kesho?"

"Babu alikuwa akihesabu. Alipokufa nikahesabu mimi."

"Huko Zinjibari?"

"Huko. Na kwengine."

Arifu akamtazama sheikh. "Huyu simjui," akasema, "lakini maji yanamjua."

Sheikh akasema ataandika, lakini kwa desturi: mwenye zamu aliyekuwa hayupo akirudi, lazima ajitokeze mbele ya arifu saa yake ikifika, na ayafungue maji kwa mikono yake yaingie shambani kwake. Hapo ndipo anakuwa mtu wa pale, na hapo ndipo muhuri unakuwa na kitu cha kushuhudia.

Kesho yake sitaisahau. Kulikuwa na uwanja mdogo wenye mti uliosimikwa wima, na mawe yaliyopangwa ardhini, yamelainika kwa nyayo za watu. Kivuli kilikuwa chembamba kama uzi. Tulikitazama kikitambaa, na mimi kijasho kilikuwa kinanishuka si kwa joto pekee, maana nilikuwa nayaona kwa macho mawe ambayo kwa miaka yote nilikuwa nayaona kwa sauti ya babu. Kivuli kikagusa jiwe la tatu. Arifu akaita, kwa sauti iliyopanda ukuta wa mlima ikarudi:

"Maji ya Muhenna!"

Nikapiga magoti nikauondoa udongo uliofunga mfereji mdogo wa shamba letu, kama nilivyoelekezwa. Yakaja. Kwanza kama kanga inayoburutwa. Kisha kunong'ona. Kisha baridi vidoleni. Shamba la babu lilikuwa limekufa zamani, visiki sita na udongo uliopasuka, lakini maji yaliingia kana kwamba yanajua njia, yakaujaza ufa huu na ufa ule, na udongo ukatoa harufu. Nilikaa pale na miguu ndani ya maji nusu saa nzima, na kwa mara ya kwanza katika umri wangu sikuwa nafikiri kitu. Ukingoni, ng'ambo ya mfereji, alikaa bibi mmoja na jembe magotini, ananitazama. Nikadhani anafurahi.

Yule bibi ndiye aliyenipa chakula baadaye. Aliitwa Rayya, mtoto wa ndugu yake babu, mjane. Alisimama mlangoni kwake akaniambia, "Karibu," neno hilo moja la Kiswahili, ambalo nyumba nyingi za huko zilikuwa nalo kama zilivyokuwa na vikombe vya kutoka Unguja. Aliniwekea wali na papa mkavu. Aliniuliza kama babu alikufa kwa maradhi au kwa uzee. Nyuma ya nyumba yake niliona mindimu na mitende michanga, majani yameanza kujikunja kwa joto. Nikamsifia. Akasema, "Alhamdulillahi."

Barua ikaandikwa, muhuri ukagongwa. Arifu akanisindikiza mpaka kwenye lori.

"Msalimu mama yako. Mwambie Muhenna kapata mtu. Rayya naye atazoea."

"Azoee nini?"

"Kukaa bila maji."

Mguu wangu mmoja ulikuwa juu ya lori. Nikaushusha. Akanieleza kwa utulivu, kama mtu anayeeleza njia. Babu alipoondoka hakuacha mtoto pale, kwa hiyo zamu yake ilitumiwa na ndugu yake, kisha na Rayya. Nusu saa ile ndiyo iliyokuwa ikiinywesha mindimu yake yote. Mwenyewe akiwa hayupo, jamaa hutumia. Mwenyewe akijitokeza, jamaa huacha. Leo nimejitokeza.

"Mbona hakusema?"

"Aseme nini kwa mgeni anayekula kwake?"

"Basi naandika sasa hivi kwamba aendelee! Hapa hapa, nna kalamu."

Arifu akacheka kidogo. "Barua hatuinyweshi mitende. Ukitaka kumpa, mpe majini, saa ya zamu, kwa mdomo wako, mimi nikiwepo. Ya leo yameshapita. Zamu ijayo usipokuwepo, nitayagawa kwa wengine wenye kuyaomba, jamaa hawamo, maana mwenyewe ameonekana na hakuja. Na mndimu mwezi huu hauvumilii kukosa mara mbili."

Dereva akapiga honi. Njia nzima ya kurudi nilihesabu. Sikuhitaji kuhesabu, nilikuwa nnalijua jibu kabla ya lori kuwaka. Zamu ijayo ilikuwa siku ile ile ambayo ndege ya ofisa mkubwa ingeshuka Ruwi.

Juma lile nilifikiri kila kitu ambacho mtu anaweza kukifikiri. Kwamba miti ya ndimu ni miti tu, na mimi ni mtu. Kwamba Rayya ni mtu. Kwamba nikiwa ofisa nitamletea pampu. Kwamba pampu haitoi maji palipokauka. Kwamba huenda arifu anatia chumvi. Kwamba ningeweza kujifanya sikumsikia kwa sababu ya honi. Halafu, karibu na alfajiri, lile baya kuliko yote: kwamba moyo wangu ulikuwa umefurahi kidogo kupata sababu ya kutokwenda, kwa kuwa naogopa baridi ya huko, naogopa kupigiwa kelele uwanjani na watu waliozaliwa kwa ajili ya kupiga kelele. Nikawa siwezi kuchagua wema bila kuushuku.

Nikamuuliza mama. Akaendelea kuchambua mchele.

"Usinitwike mimi, Zahor. Nikisema nenda utanilaumu, nikisema usende utanilaumu. Mimi nshalaumiwa na marehemu baba yako, inatosha."

Nikamuuliza Bwana Hamdun.

"Wataka nimwombe Kapteni akusogezee ndege?"

"La. Nataka uniambie kama mimi ni mwoga."

Akanitazama juu ya miwani. "Mwoga wewe? Ndiyo. Hilo tulilijua siku ya kwanza, ulipoomba ruhusa ya kufungua dirisha. Lakini hilo siyo ulilokuwa unauliza. Mwoga ana mikono, hana? Basi mwoga akifungua maji, maji hayafunguki?"

Akarudi kwenye kazi yake. Nami nikarudi kwenye yangu, na nikakaa mbele ya taipureta mpaka chai ikapoa.

Siku mbili kabla ya ndege, kabla ya saa tatu asubuhi, nilitia fomu ya ruhusa kwenye mashine, na kaboni safi katikati. Jina: langu. Siku: nne. Nilipofika kwenye mstari wa sababu vidole vikasimama. Nilimwona Said dirishani. Kisha nikaandika, kwa Kiingereza, polepole, sentensi niliyopaswa kumwandikia yeye: kwamba mwombaji anayo haki ya nusu saa ya maji katika falaji ya kijiji chake, kwamba haki hiyo hutimizwa kwa mwenyewe kuwepo, saa ile na si nyengine, na kwamba maisha ya mtu yanaitegemea. Nikaitoa. Nikaipeleka kwa Bwana Hamdun.

"Umekosea tarehe," akasema.

"Sijakosea."

"Hii ni siku ya ndege."

"Nnajua."

Akaisoma mara ya pili, ile ya kutafuta linaloonewa haya. "Kapteni atacheka."

"Hatocheka. Safari hii nimeiandika vizuri."

Kapteni hakucheka. Aliuliza kama nimeelewa kuwa nafasi haitangoja. Nikasema nimeelewa, na barua ya sheikh ikabaki chini ya mto. Aliitazama ramani yake kitambo, akatia saini, akaniambia kabla sijaondoka nipige chapa jina la kijana wa pili katika orodha. Nikalipiga. Hilo ndilo jina la kwanza nililopeleka katika maisha yangu ya kazi, na nililikagua herufi kwa herufi, kwa sababu lilikuwa limekaa pahala pangu na nilitaka likae sawa.

Getini siku ya kuondoka, nikingojea lori, zamu ya ulinzi ilikuwa ya Said. Akaichukua karatasi yangu. Kusoma Kiingereza hakujua, akanitazama tu na kiroba changu.

"Unakwenda wapi?"

"Hail. Zamu ya maji."

Akanirudishia karatasi. Kisha aliufungua ubao wa geti mapema sana, lori likiwa bado liko mbali, akausimamia mpaka tukapita.

Nilifika Hail saa sita mchana ya siku yenyewe, vumbi mpaka kwenye kope. Huko nyuma ya milima ndege ilikuwa ishashuka. Rayya alikuwa amekaa pale pale ukingoni, jembe magotini, na mindimu nyuma yake imeinamisha majani. Sidhani kama alikuja kuningoja. Nadhani alikuja kwa sababu miaka yote siku hiyo saa hiyo huwa pale, na miguu ilimleta. Arifu alikuwa amechuchumaa karibu na mti wake. Kivuli kilitambaa. Kikagusa jiwe la tatu.

"Maji ya Muhenna!"

"Yapo," nikasema. "Mimi Zahor bin Ali bin Muhenna. Nimempa Rayya. Nusu saa yote, na kila zamu baada ya hii, na watoto wangu hawana dai." Kiarabu changu kilichechemea, lakini nilikisema mara tatu kama inavyotakiwa, na mara ya tatu kilikwenda bila mkongojo.

Arifu akawa kama mtu anayefuta jina moja kichwani na kuandika jengine. Kisha akaita tena, na mlima ukajibu:

"Maji ya Rayya!"

Bibi akanyanyuka. Hakunishukuru. Alikuja na jembe lake mpaka nilipokuwa nimesimama, mdomoni mwa mfereji wake, akanitazama miguuni.

"Sogea, mwanangu," akasema. "Umeziba njia."

Nikasogea.